Mlaji wa Chakula Kimoja

Mdudu kibibi ana sifa nzuri karibu kila mahali. Mkulima wa kunde akimwona juu ya jani, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mgongo wa mviringo wenye madoa meusi, anajua kwamba vidukari wamepatikana. Sifa hiyo ameistahili, lakini imetandazwa juu ya jamii kubwa mno. Wataalamu wamekwisha kuorodhesha spishi zipatazo 6,000 za mbawakawa hawa duniani, na maisha yao hayafanani hata kidogo. Wapo wanaotafuna majani ya maboga na matikiti. Wapo wanaokula karibu kila mdudu laini wanayekutana naye, wakiwamo watoto wa wenzao. Na wapo wadogo sana, wasio hata na jina vijijini, ambao maisha yao yote yamefungwa kwa mdudu wa aina moja. Asipokuwepo huyo, hawazai.

Niseme mapema ninaposimama. Kumtumia kiumbe mmoja kumpunguza mwingine, kazi ambayo wataalamu huiita udhibiti wa kibayolojia, hujadiliwa mara nyingi kwa hisia. Upande mmoja wanasema ni njia safi kuliko sumu, basi tuikubali. Upande wa pili wanasema kiumbe mgeni ni hatari, basi tuikatae. Pande zote mbili zinajumlisha vitu visivyojumlishika. Mimi naona uamuzi unategemea zaidi maswali mawili: mdudu anayeletwa anakula vitu vingapi, na je, tuna hakika kwamba tunamjua yeye ni nani na adui wetu ni nani? Kisa kinachoyaonyesha haya waziwazi kimepitia Kenya, na sidhani kama Wakenya wengi wamewahi kukisikia.

Jakaranda zinazomwaga maua ya zambarau katika barabara za Nairobi kuanzia Oktoba asili yake ni Amerika Kusini. Mdudu anayezisumbua naye asili yake ni Amerika ya tropiki. Jina lake la kisayansi lililozoeleka ni Orthezia insignis, na wengi humwita tu mdudu wa jakaranda, ingawa anapenda pia lantana, michungwa na mimea mingi ya mapambo. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1887 kutokana na vielelezo vya nyumba za vioo katika bustani ya Kew, London, mbali sana na kwao. Hiyo peke yake inaonyesha jinsi alivyokwisha kutawanyika akiwa amejificha kwenye miche ya maua. Ni wa ukoo wa wadudu gamba, ila tofauti na wadudu gamba wengi hapotezi miguu yake akikomaa; hutembea. Jike amevikwa vibamba vya nta nyeupe, na nyuma yake hukokota mfuko mrefu wa nta uliojaa mayai, mrefu kuliko mwili wake mwenyewe. Hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi unaoziba jua lisilifikie jani. Mti unapoteza mara mbili: utomvu unanyonywa, na jani haliwezi tena kujitengenezea chakula.

Hawaii mwanzoni mwa karne ya 20 kulizuka jambo ambalo wanaozungumzia udhibiti wa kibayolojia hulisahau. Wafugaji wa huko walikuwa wakiteseka na lantana, kichaka chenye maua ya rangirangi kinachomeza malisho, kilekile ambacho wakulima wa Afrika Mashariki wanapambana nacho hadi leo. Walipoona kwamba mdudu wa jakaranda anaidhoofisha lantana, walimsambaza kwa mikono yao. Lakini yuleyule aliyekuwa mkombozi wa mfugaji alikuwa balaa la mwenye bustani. Baadaye akaletwa adui yake kutoka Mexico, mdudu kibibi mdogo mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, urefu wake milimita chache tu. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza iwapo mdudu fulani ni salama, lazima mtu aulize: salama kwa nani? Kila anayeletwa humsaidia mmoja na pengine kumnyima mwingine, na anayeamua aseme wazi ameupima upande upi.

Katika miaka ya 1940 mdudu kibibi huyo alifikishwa Kenya ili kuzinusuru jakaranda, na baadaye akapelekwa nchi nyingine za Afrika. Alikaa. Hakuna mnara uliojengwa wala sikukuu iliyotangazwa. Mdudu wa jakaranda alipungua, miti ikaendelea kuchanua, na habari ikaishia katika majalada ya idara za kilimo. Kwa karibu nusu karne mbawakawa huyu aliishi Kenya bila kuvutia macho ya mtu, akila kile alichozoea kula.

Kisha mwaka 1991 zikaja habari kutoka kisiwa cha Saint Helena.

Saint Helena ni mwamba wa volkano wenye kilomita za mraba 122, katika Atlantiki ya Kusini, kiasi cha kilomita 1,900 kutoka pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika. Wareno walikifikia mwaka 1502 kikiwa hakina watu. Dunia inakijua kwa sababu ya Napoleon, aliyefia huko mwaka 1821. Sisi tuna sababu yetu nyingine ya kukijua: ni miongoni mwa visiwa ambako Waingereza walimhamishia Sayyid Khalid bin Barghash, yule ambaye jumba lake la Zanzibar lilipigwa mizinga mwaka 1896, kabla ya kumruhusu arudi Afrika Mashariki na kufariki Mombasa. Mahali pa kuwafungia watu ni mahali pa mbali, na umbali huohuo uliifungia mimea na wadudu wa kisiwa hicho hadi wakawa viumbe wasiopatikana kwingine kokote. Zaidi ya spishi 400 za wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo zinaishi pale tu.

Mti wa taifa wa kisiwa hicho ni gamwudi, Commidendrum robustum. Ni wa ukoo mmoja na alizeti, ila huko, pasipokuwa na miti mingine ya kushindana nayo, ukoo wa alizeti ulitoa miti ya kweli yenye mashina ya kupasuliwa kuni. Hapo kale ilikuwa misitu. Mbuzi walioletwa na mabaharia wakala miche, wakazi wakakata miti mikubwa, na kufikia mwaka 1993 gamwudi za asili zilikuwa zimebaki katika makundi mawili tu, jumla yake miti ipatayo 2,500. Ni idadi ndogo. Shamba kubwa la mikahawa lina miti mingi kuliko hiyo.

Mdudu wa jakaranda alikuwa amekwisha kuingia kisiwani kwa bahati mbaya miaka kadhaa nyuma. Mwaka 1991 akaonekana kwenye gamwudi. Kufikia 1993 zaidi ya miti 100 ilikuwa imekufa, na hakuna dalili iliyoonyesha kwamba angekoma. Tafakari hali hiyo: mti usiopatikana kwingine duniani, umebaki makundi mawili, na mnyonyaji ambaye pale kisiwani hana anayemla. Huko Amerika alikotoka ana maadui; kwenye safari ya meli aliwaacha nyuma. Mara nyingi mdudu mgeni hushinda kwa sababu hiyo. Hana nguvu mpya, amepotewa tu na wanaomwandama.

Kwa nini hawakupulizia dawa? Swali hili ni la haki, kwa kuwa miti ni michache na ingeweza kuzungukiwa yote. Kasoro ya kwanza ni kwamba sumu isingechagua. Ingewaua pia wale wadudu wa kisiwa wanaoishi juu ya gamwudi na wasioishi kwingine. Ya pili, mdudu wa jakaranda alikuwa na makao mengine, hasa lantana, na kila baada ya dawa kuisha nguvu angerudi. Ingekuwa kupulizia mwaka hadi mwaka, bila mwisho, kwenye miteremko mikali, katika kisiwa ambacho wakati ule hakikuwa na uwanja wa ndege na kila chupa ya dawa ililetwa kwa meli. Kwa hiyo watafiti wakiongozwa na Simon Fowler wakamkumbuka mbawakawa wa Kenya.

Hawakuwachukua mbawakawa hao Kenya na kuwamwaga moja kwa moja kisiwani. Walipelekwa kwanza karantini Uingereza, wakalelewa juu ya lantana yenye mdudu wa jakaranda, ili wasafishwe vimelea vyao na ili maisha yao yachunguzwe hatua kwa hatua. Yaliyoonekana katika karantini hiyo yanastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo hoja nzima ya makala haya.

Jike wa mbawakawa hatagi mayai yake ovyo kwenye jani. Humtafuta jike mzima wa mdudu wa jakaranda na kumtagia mgongoni, kwa kawaida yai moja, wakati mwingine mawili au matatu. Buu anapoanguliwa hahitaji kutafuta chakula. Amezaliwa juu yake. Mara nyingi hujipenyeza ndani ya ule mfuko wa nta unaokokotwa nyuma na kuanza kula mayai na watoto waliomo. Mama mwenye mfuko anaendelea kufyonza utomvu na kutembea huku uzao wake ukiliwa. Buu hujivua ngozi, hukua, na akifika hatua ya tatu mara nyingi humgeukia mama mwenyewe na kummaliza. Hutoka hapo akiwa mkubwa wa kutosha kutafuta mwingine, kisha akawa bundo, kisha mbawakawa mzima, na jike akaanza tena kutafuta mgongo wa kutagia.

Mbawakawa mwenye maisha ya namna hii hawezi kugeuka kesho akala kipepeo au nzi. Kutaga kwake kunategemea kuwepo kwa mdudu yule. Mfuko wa nta ndio nyumba ya watoto wake na ghala lao. Ukimwachia kisiwani pasipo mdudu wa jakaranda, atakufa bila kuacha kizazi. Wengi husikia maneno "mdudu mgeni ameachiwa" na kuogopa, na hofu hiyo ina msingi, lakini kwa kiumbe huyu njaa yake yenyewe ndiyo uzio.

Mei 1993 mbawakawa wasiofika mia walifika Saint Helena wakiwa hai. Huko wakazalishwa maabara hadi maelfu, wakaachiwa kwenye gamwudi kidogokidogo. Watafiti hawakutegemea kutazama kwa macho na kusema mambo yamekuwa mazuri. Waliteua vijitawi 300 kwa nasibu, kila kimoja sentimita 20, wakavitia alama na kuhesabu wadudu wa aina zote mbili kwa vipindi. Kati ya Septemba 1993 na Februari 1995 wastani wa mdudu wa jakaranda ulianguka kutoka zaidi ya 400 hadi chini ya 15. Palipokuwa na mbawakawa wengi, hesabu iliyofuata ilionyesha upungufu mkubwa zaidi wa mdudu wa jakaranda, na ulinganifu huo ndio unaozuia mtu kusema kwamba pengine ilikuwa ni mvua au baridi tu. Kufikia Julai 1995 ufugaji wa mbawakawa maabara ulisimamishwa kwa sababu ambayo kila mtafiti angeiomba: hakukupatikana tena mdudu wa jakaranda wa kutosha kuwalisha, popote kisiwani.

Sioni sababu ya kuyapunguza maneno hapa. Mti wa taifa wa watu fulani ulikuwa unafutika, na ukaokolewa na kiumbe anayetosha kukaa juu ya punje ya mchele, aliyetoka kwenye ardhi yetu. Ukiulizwa mchango wa Afrika Mashariki katika uhifadhi wa viumbe duniani, utatajiwa tembo na faru, na wanastahili. Huyu naye atajwe.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili unaonigusa zaidi, na ni wa majalada. Tangu Hawaii, vitabu vilikuwa vikimwandika mbawakawa huyu kwa jina la Hyperaspis jocosa. Watafiti walipomkagua upya kwa ajili ya Saint Helena waligundua kwamba siye. Makala yao ya mwaka 1995 katika jarida la Bulletin of Entomological Research yalionyesha kwamba mdudu aliyekuwa akifanya kazi muda wote huo ni Hyperaspis pantherina, spishi iliyopewa jina na Helmut Fürsch, Mjerumani aliyebobea katika wadudu kibibi wa Afrika. Huenda msomaji akaona kuwa huo ni ubishi wa wasomi. Jiulize basi ingekuwaje kama mtu mwingine, katika nchi nyingine, angesoma vitabu hivyo na kwenda Amerika kutafuta jocosa wa kweli. Angerudi na mdudu mwenye mlo mwingine.

Mambo kama hayo yamekwisha kutokea, na yametugharimu sisi wenyewe. Katika miaka ya 1920 mashamba ya kahawa ya Kenya yalivamiwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga wanaojazana kwenye vifundo vya matawi. Walidhaniwa kuwa ni spishi iliyokwisha kujulikana kutoka sehemu nyingine za dunia, na kwa miaka kadhaa maadui zao wakawa wanasakwa na kuletwa kutoka ng'ambo bila faida. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley akaonyesha kwamba ni spishi ya peke yake, leo Planococcus kenyae, nayo kwao ni hapahapa Afrika. Macho yakageuzwa kuelekea Uganda, na mwaka 1938 nyigu wadogo sana wa jenasi Anagyrus wakatolewa huko na kuachiwa Kenya. Balaa likashuka. Dawa ilikuwa kwa jirani muda wote, ila ilikuwa ikitafutwa kwa jina la mtu mwingine.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye ikawa zamu ya muhogo. Kidung'ata wa muhogo alionekana katika Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea katika ukanda mzima wa muhogo wa Afrika, akikausha chakula cha mamilioni ya watu. Watafutaji walikwenda Amerika ya Kusini, nyumbani kwa muhogo, na katika sehemu za kaskazini wakapata kidung'ata aliyefanana naye. Maadui wa yule hawakumtaka wa Afrika, kwa sababu walikuwa spishi mbili: mmoja anayeitwa kisayansi manihoti, mwingine aliyekuja kuitwa herreni. Mwaka 1981 ndipo manihoti halisi alipopatikana Paraguay, pamoja na nyigu anayemtagia ndani ya mwili. Hans Herren na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA wakaongoza kazi ya kumsambaza nyigu huyo nchi baada ya nchi, kazi iliyompatia Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Wadudu kibibi waliachiwa pia katika kampeni hiyo, akiwamo Hyperaspis notata, ndugu wa mbawakawa wetu. Walisaidia palepale vidung'ata walipokuwa wengi. Aliyewaweka chini miaka nenda miaka rudi ni nyigu, kwa sababu nyigu anaweza kuishi hata vidung'ata wakiwa wachache, ilhali mdudu kibibi huhitaji meza iliyojaa. Nasema hivi ili sifa ya mdudu kibibi isizidi kiasi chake. Hata aliye bora si jibu la kila shamba.

Sasa tumtazame yule wa upande mwingine. Harmonia axyridis anatoka Asia ya Mashariki, kuanzia Siberia hadi China na Japani. Ni mkubwa, mwenye nguvu, anazaa sana, na anakula aina nyingi za vidukari na wadudu gamba, pamoja na mayai na mabuu ya wadudu kibibi wengine. Zamani sifa hizi zilionekana kuwa ndizo sifa za mfanyakazi bora. Marekani walianza kumwachia mapema, mwaka 1916, na Ulaya makampuni yalimuuza kwa wakulima wa nyumba za vioo na mashamba kuelekea mwisho wa karne. Uingereza, ambako hakuachiwa kwa makusudi, alifika mwenyewe mwaka 2004. Miaka mitano tu baada ya kufika, mdudu kibibi wa kienyeji mwenye madoa mawili alikuwa amepungua kwa asilimia 44 nchini Uingereza na asilimia 30 Ubelgiji. Wakati wa baridi huingia majumbani kwa mamia na kujibana kwenye pembe za madirisha. Katika mizabibu hujificha ndani ya vichala, na akisagwa pamoja na zabibu huiharibu ladha ya mvinyo.

Linganisha wawili hawa na utaona kwamba majadiliano ya "wadudu wageni" kwa jumla hayana maana. Wote ni wadudu kibibi. Wote wamehamishwa na watu. Mmoja ameokoa mti. Mwingine anawamaliza wenyeji. Tofauti yao imo kwenye sahani. Na kwa bahati mbaya biashara hupenda yule wa sahani pana, maana mdudu anayekula kila kitu anauzika kwa kila mkulima, ilhali anayekula mdudu wa jakaranda peke yake atanunuliwa na nani? Hapo ndipo kazi hii inapohitaji fedha za umma. Hakuna kampuni itakayopata faida kwa mbawakawa anayejizalisha mwenyewe na kuifuta haja ya kununua wengine.

Kigezo cha mlo mwembamba si kipya. Mwanzo wa kazi hii yote kwa vipimo vya kisasa ulikuwa California, 1888. Michungwa ya huko ilikuwa inakufa kwa mdudu gamba mwenye asili ya Australia, Icerya purchasi. Mtaalamu wa wadudu Albert Koebele akatumwa Australia, na kufikia mwanzoni mwa 1889 alikuwa amepeleka wadudu kibibi wadogo wekundu 129, spishi ya Rodolia cardinalis, wanaojulikana hadi leo kama vedalia. Walifungiwa ndani ya hema lililofunika mchungwa mmoja wenye wadudu hao, Los Angeles. Mti ulipokuwa safi hema likafunguliwa. Kufikia Juni wadudu kibibi 10,555 walikuwa wamegawiwa kwa wakulima, na tatizo lililokuwa likitishia biashara nzima likaisha ndani ya muda mfupi. Vedalia naye ni mlaji wa mlo finyu. Hiyo ndiyo sababu amepelekwa nchi nyingi bila kuleta maafa.

Kisa cha vedalia kina kiambatisho ambacho wakulima wetu wanapaswa kukisikia. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, dawa ya kuua wadudu ya DDT ikaanza kupulizwa kwenye michungwa ya California kwa ajili ya wadudu wengine. Iliwaua vedalia. Icerya, aliyekuwa amesahauliwa kwa zaidi ya nusu karne, akarudi kwa wingi kama zamani, na wakulima wakalazimika kuanza kutafuta vedalia upya na kubadili upuliziaji wao.

Hata huyo vedalia mwenye rekodi safi hakupewa ruhusa ya bure Galápagos. Icerya alifika kwenye visiwa hivyo mwaka 1982 na kuanza kushambulia mimea isiyopatikana kwingine. Vedalia alijulikana kwa karne nzima, na bado wanasayansi wa Kituo cha Charles Darwin walimweka karantini na kumjaribu kwanza juu ya wadudu wa visiwani, kuona kama angewagusa. Aliachiwa mwaka 2002, miaka ishirini baada ya adui yake kuingia. Wapo wanaosema huo ulikuwa uzito uliopitiliza huku miti ikifa. Siwalaumu, ila nadhani wamekosea. Mbawakawa akishaachiwa harudishwi; miaka michache ya majaribio ni bei ndogo kwa uamuzi ambao wajukuu hawataweza kuutengua.

Katika mashamba yetu, jambo la karibu zaidi ni kumtambua tuliye naye. Mdudu kibibi mzima anajulikana. Mtoto wake hajulikani. Buu wa Cheilomenes, jenasi ya kawaida sana kwenye kunde na mboga za Afrika Mashariki, ni mrefu, mweusi au wa kijivu, mwenye miiba midogo na mabaka ya njano au ya chungwa, na anatembea haraka. Mkulima akimwona katikati ya vidukari hudhani ndiye mharibifu, kwani anatisha kuliko wale anaowala. Humminya kwa kidole au huchukua bomba la dawa. Kumbe buu hula vidukari wengi, na kumuua ni kumfukuza mlinzi wakati mwizi yumo ndani. Kwa upande mwingine, wadudu kibibi wa kundi la Epilachna na jamaa zake hawastahili huruma hiyo. Wao hula majani. Wengine hupenda maboga na matikiti, wengine nafaka. Mara nyingi migongo yao ina vinyweleo vifupi vinavyoondoa ule mng'ao, na jani waliloliparua hubaki kama wavu. Kwa mkulima, kutazama jani kunatosha zaidi kuliko kuhesabu madoa: je, limetafunwa, au lina maganda ya vidukari waliokwisha kuliwa?

Habari ya Harmonia pia si ya mbali tena. Afrika Kusini amekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, na mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kitaalamu kwamba amepatikana Kenya. Wadudu kibibi wa kienyeji walioko njiani mwake ni haohao Cheilomenes wanaowalinda wakulima wa kunde bila malipo. Waingereza na Wabelgiji waliweza kusema "asilimia 44" na "asilimia 30" kwa kuwa maelfu ya watu wa kawaida, wakiwamo wanafunzi, walikuwa wakiandika kila mwaka mdudu gani wamemwona wapi, tangu kabla mgeni hajaenea. Kwetu daftari la namna hiyo halijafunguliwa, na likifunguliwa baada ya Harmonia kuwa wengi halitakuwa na cha kulinganisha nacho.

Si kazi ya gharama kubwa. Spishi nne au tano za kuanzia zinatosha, zikiwa na picha za mdudu mzima na za buu wake. Shule chache za vijijini zenye bustani, kuanzia Meru hadi Mbeya, zihesabu wadudu kwenye mistari ileile ya kunde kila msimu. Vielelezo vya wasioeleweka vipelekwe Makumbusho ya Taifa Nairobi au kwa wataalamu wa taasisi ya ICIPE, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa ajili ya wadudu wa Afrika, ili majina yahakikishwe na watu wanaojua kutofautisha pantherina na jocosa. Na kwenye hesabu hiyo aongezwe yule mweusi mdogo wa jakaranda. Hadi sasa idadi yake inajulikana vizuri zaidi kwenye matawi 300 ya Saint Helena kuliko kwenye miti ya Kenya alikochukuliwa.